Matairi yanayodumu kwa pikipiki ya safari ndefu: mwongozo kamili wa kuchagua, hatua kwa hatua

Swali linakuja vilevile kila mara: "tairi gani linadumu kuliko yote?" Mtu anatajiwa jina, ananunua, anafunga, baada ya muda katikati pameshakuwa bapa huku pembeni bado kuna vinyweleo vya kiwandani, anarudi kuuliza jina lingine. Jina lingine halitamsaidia manake hajui lile la kwanza lilikufa kwa nini. Ndo maana mwongozo huu unaanza na tairi bovu kabla ya kugusa jipya.

Nikisema pikipiki ya safari ndefu namaanisha mashine za kubeba mtu, abiria na mizigo kwa mamia ya kilomita kwa siku, iwe ni BMW RT, Yamaha FJR1300, Honda Gold Wing, Harley yenye maboksi au zile ndefu za njia zote kama BMW GS na Honda Africa Twin. Kila moja ina familia yake ya matairi, tutafika huko.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tairi lako la sasa, hata kama limeisha. Usilitupe bado.
- Geji ya kupima kina cha mifereji ya tairi, ya milimita. Ya bei ndogo inatosha.
- Geji ya presha ya kwako mwenyewe, usitegemee ya kituo cha mafuta.
- Kitabu cha pikipiki, au ile stika iliyobandikwa karibu na cheni au chini ya siti.
- Mizani ya kupimia uzito wa mtu.
- Tochi, kitambaa, na kalamu ya rangi nyeupe.
- Daftari au simu ya kuandikia odometa.

Ukikosa vyote pata angalau zile geji mbili. Bila hizo unabahatisha tu, na kubahatisha ndo kumewagharimu wengi.

## Hatua ya 1: Soma tairi linalokufa

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, futa tairi, zungusha taratibu ukimulika na tochi. Unatafuta limeisha wapi, maana mahali lilipoishia ndo panakwambia tatizo ni mpira, presha, mzigo au pikipiki yenyewe.

Katikati bapa, pembeni bado zima. Hii ni kawaida ya tairi la nyuma kwa anayekula lami iliyonyooka. Pikipiki iko wima muda wote, ni ukanda mwembamba wa katikati tu unaofanya kazi. Likishakuwa bapa utaisikia kwenye kona, pikipiki inakataa kulala alafu ghafla inaanguka upande, kama imevuka ukingo. Ukisoma hivi ujue unahitaji tairi lenye mpira mgumu katikati. Ila likiisha katikati *haraka mno*, kagua pia presha, huenda unajaza kupita kiasi.

Vikombe kwenye tairi la mbele. Pitisha kiganja juu ya kashata (vile vipande vya mpira vilivyoinuka kati ya mifereji) kuelekea mbele, alafu rudi nyuma. Upande mmoja ni laini, upande wa pili unakwaruza kama meno ya msumeno. Hapo washukiwa ni wawili, presha ndogo au shokomzoba zilizochoka, na wakati mwingine wote wawili. Ukifunga tairi jipya hapo bila kurekebisha litapata vikombe vilevile hata liwe la bei gani, kwa hiyo simama hapa kwanza, tengeneza, ndo uendelee.

Upande mmoja umeisha kuliko mwingine. Kidogo ni kawaida, barabara nyingi zina mgongo na kona za upande mmoja huwa ni ndefu kuliko za upande wa pili. Ikiwa tofauti ni kubwa, angalia kama tairi la nyuma liko kwenye mstari na la mbele, hasa kama ulikaza cheni hivi karibuni.

Nyufa ndogondogo ubavuni. Hilo ni la umri au limetembea na presha ndogo muda mrefu. Haijalishi kina kimebaki kiasi gani, hilo halina safari tena.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja ya namna hii: "La nyuma limeisha katikati, la mbele lina vikombe upande wa kushoto, odometa 25,000." Ukishindwa kuiandika rudi ukaangalie tena, usiruke.

## Hatua ya 2: Hesabu linaisha kwa kasi gani

Watu wanasema "langu lilienda kilomita elfu kumi na mbili" lakini ukiwauliza walianza na kina gani na walitoa likiwa na kina gani, kimya. Mmoja katoa likiwa na 2.5 mm, mwingine kaenda nalo mpaka nyuzi zikaonekana, alafu wanabishana tairi gani zuri!

Weka alama ya kalamu nyeupe sehemu moja ubavuni, pima mfereji ulio karibu zaidi na katikati, kila unapopima pima hapohapo. Mfano: tairi la nyuma lilikuwa na 7.0 mm odometa ikiwa 21,000. Leo ni 25,000 na kina ni 5.2 mm. Limepoteza 1.8 mm kwa kilomita 4,000, yani 0.45 mm kwa kila kilomita 1,000.

Sasa basi, utaishia kina gani? Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira, ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kijiti hicho kinakuwa sawa na uso wa tairi kina kikibaki kama 0.8 mm. Sheria zinatofautiana, Uingereza wanataka angalau 1 mm kwa pikipiki kubwa, Ujerumani 1.6 mm. Mimi kwa safari ndefu naweka mpaka wangu 2 mm, kwa sababu ya mvua. Mfereji usio na kina hauna pa kupeleka maji, na mwenye mzigo na abiria hana nafasi ya kuteleza hata mara moja.

Kwa mfano wetu, kutoka 5.2 mpaka 2.0 kuna 3.2 mm. Gawa kwa 0.45, unapata kama kilomita 7,000 zilizobaki. Na tairi zima kutoka 7.0 mpaka 2.0 linakupa takriban 11,000. Hiyo namba ndo ya kushindania. Tairi jipya likikupa 14,000 kwa mwendo uleule umepata, likikupa 10,500 jina halikukusaidia kitu.

Kama hukupima lilipokuwa jipya, hamna shida, pima leo, tembea 1,500, pima tena. Kuisha kwa tairi hakunyooki kama rula lakini kwa kupanga safari inatosha kabisa.

## Hatua ya 3: Pima mzigo wa kweli

Hapa watu wanadanganyana sana. Mtu anasema "mimi nabeba kidogo tu" alafu ukiangalia ana maboksi matatu, hema, kompyuta na mwenzake nyuma.

Panda kwenye mizani ukiwa umevaa kila kitu, helmeti, jaketi, buti. Abiria naye hivyohivyo. Pima kila begi. Ongeza uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, na kumbuka petroli ni kama kilo 0.75 kwa lita, tenki la lita 25 likijaa ni karibu kilo 19 hizo. Tuseme pikipiki 270, wewe 88, abiria 62, mizigo 35, jumla 455. Linganisha na uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kitabu. Ukizidi, hakuna tairi litakalokuokoa, punguza mizigo.

Kwa nini hii inahusu kudumu? Abiria na mabegi karibu yote vinakaa juu ya gurudumu la nyuma. Tairi likibebeshwa linajikunja zaidi kila mzunguko, kujikunja kunaleta joto, na mpira wenye joto kali unasagika haraka. Ndo maana watu wawili wenye pikipiki moja na tairi moja wanapata kilomita tofauti kabisa na wote wanasema ukweli.

## Hatua ya 4: Soma maandishi ya ubavuni

Chukua mfano wa kawaida wa nyuma: 180/55 ZR17 M/C (73W).

180 ni upana kwa milimita. 55 ni urefu wa ubavu, asilimia 55 ya huo upana. R ni "radial", yani nyuzi za ndani zinapita moja kwa moja kutoka ukingo mpaka ukingo. Ukiona B badala ya R, kama 180/65B16 ya Harley nyingi za safari, ni nyuzi za kupishana zenye mkanda juu, na ukiona mstari tu kama 90/90-21 mara nyingi ni nyuzi za kupishana bila mkanda. 17 ni rimu kwa inchi. M/C ni pikipiki.

73 ni uwezo wa kubeba: namba 73 ni kilo 365, 75 ni kilo 387, na 58 ambayo utaikuta sana mbele ni kilo 236. Uwezo huo unapatikana tairi likiwa na presha kamili, ukilitembeza na upepo nusu limeshapoteza huo uwezo. Herufi ya mwisho ni spidi, H 210, V 240, W 270 kwa saa, na zikiwekwa kwenye mabano hivyo maana yake linavuka 270.

Onyo mbili. Usishuke chini ya namba ya mzigo na herufi ya spidi iliyoko kwenye kitabu, hata kama muuzaji anaapa. Na usiongeze upana ukidhani mpira mwingi ni maisha marefu. Tairi pana kwenye rimu isiyo yake linabanwa, linachongoka katikati, matokeo yake linakanyaga kidogo zaidi na katikati linaisha mapema zaidi. Pia usichanganye R mbele na nyuzi za kupishana nyuma au kinyume chake, labda kitabu chenyewe kiseme.

Cha mwisho, TL ni bila tyubu na TT ni la tyubu. Rimu nyingi za spoki zinahitaji tyubu hata tairi likiwa limeandikwa TL, hapo utaweka tyubu ndani.

## Hatua ya 5: Chagua familia kwanza, jina baadaye

Hii ndo hatua inayowaangusha wengi na nitakaa hapa kidogo. Mtu anashindanisha majina mawili ambayo hata hayako familia moja, anachukua tairi la michezo lenye jina kubwa anafunga kwenye pikipiki ya mizigo alafu analalamika kampuni imemwibia.

Matairi ya lami ya safari ya kasi. Hapa ndo wapo kina Michelin Road 6, Metzeler Roadtec, Pirelli Angel GT II, Bridgestone Battlax T32, Dunlop RoadSmart, Continental RoadAttack. Karibu yote nyuma yametengenezwa mpira mgumu katikati na laini pembeni, au kitu kinachofanana na hicho. Michelin wanaita yao 2CT, Continental wao wana njia nyingine, mpira ni mmoja ila unaiva kwa joto tofauti, katikati unatoka mgumu pembeni unabaki laini. Kwa wengi la nyuma linaenda kati ya kilomita 8,000 na 15,000, na huo upana wa namba unatokana na mzigo, spidi, joto na lami kuliko jina.

Matoleo ya pikipiki nzito. Baadhi ya hayo majina yana ndugu zake wenye herufi ya ziada. Michelin wana Road 6 na Road 6 GT, Bridgestone walikuwa na T32 na T32 GT, Pirelli kwenye Angel GT waliweka toleo lenye herufi A. Uso unafanana kabisa, tofauti iko ndani, kiunzi kimeimarishwa kwa ajili ya mashine kama BMW K1600, RT, FJR1300. Ukiwa na pikipiki nzito na abiria ukafunga toleo la kawaida litajikunja sana na kuisha mapema, na hili ndo kosa linalojirudia kuliko yote ninayoyaona. Lakini usikimbilie GT kwa pikipiki nyepesi ukidhani utapata maisha ya bure, kiunzi kigumu kwenye uzito mdogo kinachelewa kupata joto na kila shimo utalisikia mgongoni.

Matairi ya mashine nzito za chini. Harley za maboksi, Gold Wing na jamaa zake. Humu kuna Metzeler ME 888, Dunlop American Elite, Michelin Commander, Bridgestone Exedra. Ndiyo yanayodumu kuliko familia nyingine za lami, kuna wanaovuka 20,000 kwa la nyuma, na gharama yake ni kwamba kwenye lami ya baridi iliyolowa hayashiki kama familia ya kwanza. Saizi zake ni za peke yake, Gold Wing ya kuanzia 2018 nyuma ni 200/55R16 mfano, kwa hiyo uchaguzi ni mdogo, chukua kilichopo chenye sifa na usonge mbele.

Matairi ya njia zote. Hapa jiulize kitu kimoja na ujibu kwa uaminifu: changarawe na udongo ni asilimia ngapi ya safari zako? Kama ni kumi au chini, nunua ya lami yenye sura ya porini, Metzeler Tourance, Michelin Anakee Adventure na wenzao. Kama ni nusu kwa nusu na bado unataka maisha, wasafiri wengi wanaangukia Heidenau K60 Scout au Mitas E-07, yanajulikana kwa kudumu, ila kwenye lami yenye maji upunguze ushujaa. Yale ya kashata kubwa zilizoachana kama Continental TKC 80 ni mazuri porini lakini lami inayamaliza. Kila kashata inajipinda peke yake, inapata joto, inakatika kidogokidogo. Kuyafunga kwa safari ya lami ya wiki mbili kwa sababu ya picha ni kuchoma hela.

Usiende hatua inayofuata mpaka orodha yako ina matairi mawili au matatu tu, yote ya familia moja, saizi yako kamili, namba ya mzigo inatosha.

## Hatua ya 6: Shindanisha hayo mawili au matatu

Kwanza ondoa ndoto hii: ile namba ya kudumu iliyoandikwa kwenye matairi ya magari madogo, 300 au 500, kwenye pikipiki haipo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hili lina "kiwango cha kudumu" kilichoandikwa ubavuni, anakuchanganya na gari.

Njia ya kushindanisha ni kutafuta watu wenye pikipiki kama yako, mzigo kama wako, hali ya hewa kama yako, na uwaulize maswali matatu: limeenda kilomita ngapi, ulilitoa likiwa na kina gani, na presha ulikuwa unaweka ngapi. Anayejibu yote matatu msikilize, anayejibu la kwanza tu mshukuru endelea mbele.

Alafu fanya hesabu ya gharama kwa kilomita 1,000, ukiweka na hela ya kufunga. Chukulia tairi A ni 100 kwa hela yoyote, B ni 130, kufunga na kubalansi ni 20. A likienda 9,000 umelipa 120 gawa kwa 9, yani 13.3. B likienda 13,000 ni 150 gawa kwa 13, yani 11.5. B ni rahisi zaidi ingawa dukani lilikutisha. Na hapo hujahesabu siku moja ya safari uliyopoteza ukitafuta fundi wa kufunga.

Onyo: kudumu na kushika vinavutana. Mpira mgumu unaishi, mpira laini unang'ang'ania, na ile silika ("silica", unga wa madini) inayochanganywa kwenye mpira wa kisasa imepunguza huo mvutano, hasa kwenye maji, lakini haijaufuta. Kama unapita sehemu za mvua na baridi nyingi, mimi ningekubali kupoteza kilomita 2,000 nipate tairi linaloshika. Tairi la mbele usilifanyie ubahili kabisa, la nyuma likiteleza kidogo mara nyingi unaliokoa, la mbele likiteleza umeshalala chini.

## Hatua ya 7: Dukani

Tafuta neno DOT ubavuni, mwishoni kuna namba nne. 1425 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2025. Huenda iko upande mmoja tu, geuza tairi. Lililohifadhiwa vizuri ndani kwa mwaka mmoja au miwili halina shida, lakini usilipe bei ya jipya kwa lililokaa miaka minne dirishani likipigwa jua. Michelin wanashauri tairi likifikisha miaka mitano ya kutumika likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima. Kama wewe unatembea kilomita 3,000 kwa mwaka basi umri utalimaliza kabla ya lami, huna haja ya kulipia tairi la kudumu, nunua linaloshika.

Nunua jozi ya jina moja ikiwezekana, manake yametengenezwa kufanya kazi pamoja. Ikishindikana angalau familia iwe moja.

## Hatua ya 8: Kufunga

Hapa fupi. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu, ukaguliwe kabla upepo haujajazwa. Vali mpya kila tairi jipya. Kama kuna nukta ya rangi upande mwepesi iwekwe penye vali. Balansi ifanyike, mbele na nyuma. Wakati gurudumu liko nje zungusha beringi kwa kidole, ikikwaruza ibadilishwe hapohapo maana beringi mbovu inakula tairi na kuna siku itakula zaidi ya tairi.

Unajua kazi imefanyika vizuri mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na rimu ukiwa na umbali uleule pande zote. Ukiona sehemu umezama, tairi halijakaa, litoe upepo lipakwe sabuni lijazwe tena.

## Hatua ya 9: Kilomita za kwanza, na presha milele

Kilomita 160 za kwanza nenda taratibu, usipige gesi ghafla wala breki za nguvu wala kulaza sana, ongeza kulala kidogokidogo. Uso wa tairi jipya unateleza mpaka usuguliwe.

Alafu presha. Ningekuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja tu ningesema hiki, maana nimeona matairi mazuri mengi yakifa kwa upepo kuliko kwa lami.

Pima tairi likiwa baridi, yani pikipiki imekaa angalau saa tatu. Fuata namba za kitabu, na kitabu kingi kina namba mbili, ya kutembea peke yako na ya abiria na mizigo. Kwa pikipiki nyingi za safari ya mzigo utakuta kitu kama 2.5 baa mbele na 2.9 nyuma, ambayo ni 36 na 42 kwa psi. Ile namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi wakati limebeba mzigo wake wa juu, haikuandikwa kwa ajili ya pikipiki yako.

Joto la hewa likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi unapoteza kama psi 1. Ukitoka bonde lenye joto ukalala mlimani penye baridi, asubuhi unaweza kukuta upungufu wa psi 3 bila pancha yoyote. Ukishatembea presha inapanda, kama asilimia 10 ni kawaida, ya 36 kukuta 39 au 40 usishtuke na *usitoe upepo*. Ikipanda zaidi sana ya hapo, tafsiri yake ni kwamba ulianza na upepo mdogo, tairi limejikunja likachemka.

Mara ngapi? Kila asubuhi ya safari. Dakika mbili. Nyumbani mara moja kwa wiki.

Spidi nayo inakula, na wengi hawajui ni kiasi gani. Nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inakua kwa mraba wa spidi, ukitoka 100 kwenda 130 kwa saa inaongezeka karibu asilimia 70, na wa kuishinda hiyo nguvu yote ni ule ukanda mwembamba wa katikati wa tairi la nyuma. Ongeza mchana wa jua kali na lami ya kokoto za kukwaruza, hapo hata tairi la chuma lingeisha. Wanaoanza safari alfajiri na kupumzika saa za jua kali wanaokoa matairi bila kujua.

Pancha: msumari katikati ya uso unazibika, mkubwa kupita 6 mm au ulioingia ubavuni haufai kuzibwa. Plagi ya njiani ni ya kukufikisha kwa fundi polepole, sio ya kumalizia safari na abiria nyuma.

## Hatua ya 10: Pima, andika, agiza mapema

Kila kilomita 2,000 rudi kwenye ile alama nyeupe, pima mbele na nyuma, andika na odometa. Baada ya vipimo vitatu utajua kasi ya hili tairi jipya na utailinganisha na ile ya hatua ya 2. Ikiwa imeshuka kutoka 0.45 hadi 0.35, umechagua vizuri. Ikiwa ni ileile au imepanda, kabla ya kulaumu tairi angalia presha zako ulizoandika, shokomzoba, na mzigo kama haujaongezeka.

Kabla ya kila safari kubwa fanya hesabu hii: kina kilichopo, toa kasi mara maelfu ya kilomita za safari. Una 4.0 mm, safari ni kilomita 6,000, kasi 0.40. Utatumia 2.4, utarudi na 1.6, chini ya mpaka wa 2 mm. Hilo badilisha kabla ya kutoka, liweke pembeni ulimalizie kwenye mizunguko ya karibu. Na kama saizi yako ni ya kutafuta, agiza likiwa bado na 3 mm, ukisubiri liishe utafungiwa chochote kilichopo dukani siku hiyo.